Giza Kichwani mwa Siwatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mwalimu Siwatu aliota uvimbe kichwani. Akachomwa mionzi, uvimbe usiondoke. Ulikuwa hai bado, au lilibaki kovu? Picha za kawaida hazikuweza kusema.

Mkemia Rukaiya alikuwa na dawa ya naitrojeni. Akiiamsha kwa gesi ya haidrojeni, ilimulika ndani ya mashine ya sumaku, ikaonyesha uvimbe ulipo hai. Lakini haikukawia kuzimika.

Siku ya kipimo akaiamsha. Akaona ina mabaki ya madini yenye sumu yaliyotumika kuiamsha. Akachuja. Akaona bado yamo. Akachuja tena. Dawa ikaingia mshipani mwa Siwatu imekwisha kufifia, na Rukaiya hakumwambia mtu.

Daktari Mwakyoma akatazama picha. Giza tupu. Hakuuliza. Akasema, "Mama, uvimbe umekufa. Nenda nyumbani."

Siwatu akapiga vigelegele mle mle hospitalini. Akachinja jogoo, akaalika majirani.

Siku ya karamu Rukaiya akaja, akamvuta kando Mhando, mume wa Siwatu.

"Shemeji, dawa ilichelewa. Huenda giza lile ni uongo. Mrudishe apimwe."

"Dada, hebu msikie anavyocheka! Tangu augue sijamsikia hivyo. Niachie, nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Kesho, alisema. Kesho ikazaa kesho.

Mvua za vuli zilipoanza, Siwatu akaanguka darasani. Walipompasua, uvimbe ulikuwa umeenea. Hakuamka.

Matangani wale watatu wakakutana.

"Mmeniulia mke," Mhando akasema.

Daktari akajibu, "Nilisoma giza nililoletewa. Ningejua dawa ilichelewa, ningerudia."

"Ningeharakisha, ningemtia sumu," Rukaiya akasema. "Na nilikuja! Shemeji, si nilikwambia wewe?"

"Ulikuja kwangu. Mbona hukwenda kwa daktari? Uliona haya! Mimi nilimpa miezi ya kicheko. Ninyi mlimpa nini?"

"Kicheko cha kudanganywa," Rukaiya akasema.

Mama yake Siwatu aliwasikia wote. Akainama, akaviondoa vikombe vya kahawa mbele yao, kahawa ingali moto, akaenda kuimwaga uani.

Haya, mliokaa hapa, msitazamane. Mmoja alinyamaza, mmoja hakuuliza, mmoja alificha. Je, kaburi lile ni kazi ya mkono wa nani?