Kiboko Aliyetaka Kuliliwa

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, maana kisa hiki mpaka leo kinanipandisha hasira, ukame ulikausha visima vyote. Likabaki bwawa moja tu. Kiboko akajitosa ndani, chubwi! Akasema ni lake peke yake.

Bi Swala alikuwa na siku tatu tangu ajifungue. Mzazi hupikiwa uji na majirani, nani asiyejua? Lakini uji ni maji, na bila uji maziwa hayatoki. Kitoto kilikuwa kimelegea, hata kulia hakiwezi.

Pimbi, mnyama mdogo kama paka, akaenda bwawani na kibuyu.

"Hodi, Mzee Kiboko! Naomba maji kidogo ya mzazi."

"Kwani nilimtuma azae?"

"Mtoto atakufa, Mzee!"

"Afe. Atazaa mwingine." Kiboko akapiga miayo, aaah!

Jamani! Kinywa kikubwa vile, halafu ndiyo maneno yanayotoka! Mimi ningemtukana palepale. Pimbi alimeza hasira, akapiga magoti.

"Haya, Mzee. Lakini ungejua unavyopendwa! Siku ukifa, watu watalia wiki nzima."

"Kweli?" Kiboko akainua masikio.

"Jifanye umekufa, usikie mwenyewe."

Kiboko akatoka majini, puta! puta! puta! Akaenda nyumbani kwake, akalala kitandani, akajifunika shuka gubigubi.

"Pimbi wee," akanong'ona, "maiti si huoshwa?"

"Huoshwa, Mzee. Tuchote maji?"

"Choteni tele! Mimi si maiti wa kibuyu kimoja."

Pimbi akatoka mbio. "Kiboko kafa! Njooni na mitungi!"

Wakaja wote. Mitungi ikajazwa, ikapita mlangoni kwa Kiboko bila kusimama, moja kwa moja hadi kwa Bi Swala. Kiboko aliwasikia wakipita, lakini angeulizaje? Maiti hasemi.

Uji ukatokota, tokotoko! Bi Swala akanywa, akanywa tena. Maziwa yakashuka.

Kiboko alingoja kuoshwa. Akangoja kuliliwa. Kimya! Mwishowe akatoka na shuka mabegani, macho mekundu.

"Wanafiki nyie! Nimekufa tangu asubuhi, hakuna hata mmoja anayelia?"

"Yupo mmoja, Mzee," akajibu Pimbi. "Sikiliza. Kitoto cha Bi Swala. Ila hakikulilii wewe, kinalilia titi."

Nanyi wanangu mshike hili: ukiwanyima wenzako utu ungali hai, usiwadai machozi ukifa.