Kwa Nini Tunapiga Hodi Hata Mlango Ukiwa Wazi

Ngano, ngano.
— Ipisheni ipite.
Inatoka wapi?
— Kwa waliotangulia.
Inakwenda kwa nani?
— Kwa sisi tuliobaki.

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, ngano hii haipendi kelele.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu kwa watu, palikuwa na kijiji kikiitwa Michongomani. Watu wake walilima mtama na kunde. Nyumba zao zilikuwa za udongo, na milango yao ilikuwa ya fito zilizofungwa kwa kamba. Mchana mlango haukufungwa kwa komeo, ulirudishwa tu. Mgeni alisema hodi mara moja tu, tena mguu mmoja umeshaingia ndani. Mlango ukiwa wazi hakusema hata hiyo moja. Aliingia tu, kama kuku anavyoingia jikoni. Mnacheka? Hata leo mnawajua wa namna hiyo.

Kisha likaja zimwi.

Lilikuwa refu kama mgomba, na sauti yake mwenyewe halikuwa nayo. Lililala kwenye mtama, likasikiliza akina mama wakiita watoto wao, likaokota sauti zao moja moja kama kunguru anavyookota vitu vya watu. Watu wazima wakiwa shambani, zimwi lilikwenda kwenye nyumba zilizobaki na watoto.

Lilikwenda kwa mfua vyuma, likasema hodi. Mtoto akafungua. Likamla.
Lilikwenda kwa mpiga ngoma, likasema hodi. Mtoto akafungua. Likamla.
Lilikwenda kwa Siwema, mjane mwenye watoto wawili, Mashavu msichana na Kombo mdogo wake. Siku hiyo Mashavu alikuwa kisimani. Kombo alikuwa nyumbani peke yake.

Siwema alikuwa akirudi na mzigo wa kuni. Alipofika nyuma ya ghala, alisikia sauti yake mwenyewe mlangoni pake. Sikilizeni vizuri. Yuko nyuma ya ghala, na sauti yake iko mlangoni. Sauti ikasema, "Hodi, mwanangu." Ilikuwa safi kabisa. Ikasema mara ya pili, "Hodi, mwanangu," na sasa ilikuwa nzito, imejaa mate, kwa sababu zimwi lilikuwa limeshanusa nyama. Lilipofungua kinywa kwa mara ya tatu, halikutoka neno, yakatoka mate tu. Lakini Kombo alikuwa ameshaitika, na ameshafungua.

Siwema alitupa kuni akakimbia. Hakuwahi.

Baada ya matanga alikwenda kwa Jumbe Kirumbi, aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Alimweleza aliyoyasikia. Zimwi haliwezi kusema hodi tatu, maana mate hulizidi. Na likisikia sauti ndani, mlango wa fito si kitu kwake. Lisiposikia sauti, hudhani nyumba ni tupu, huenda zake. Jumbe akakusanya watu, sheria ikawekwa. Milango ifungwe mchana kwa komeo. Anayekuja apige hodi tatu. Aliye ndani asijibu, asiulize, asikohoe, mpaka aisikie ya tatu.

Siwema ndiye aliyewafundisha watoto wa kijiji kizima. Aliwakalisha mkekani, akawaimbia:

*Ya kwanza, kaa kimya mwanangu,*
*Ya pili, kaa kimya mwanangu,*
*Ya tatu, mama yu mlangoni,*
*Fungua, nimekuletea kunde.*

Zimwi likaja, likaita mara moja. Kimya. Likaita mara mbili. Kimya. Likajaribu ya tatu, likapaliwa na mate, likaenda zake na njaa yake. Mlango kwa mlango ikawa hivyo. Watoto wakapona. Kila mzazi akamheshimu Siwema, na kwenye harusi akakaribishwa upande wa ndugu, hata pasipokuwa na undugu.

Ni jirani yake tu, Bi Mwanjaa, aliyekuwa akimtania. Alikuja kuomba chumvi, akasimama nje na kusema, hodi, hodi, hodi, na ya nne ni ya chumvi, fungua kabla mchuzi wangu haujashikana na chungu.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Kunde zikakauka zikiwa maua. Siwema akaona Mashavu anakonda, akaamua kumpeleka kwa mjomba wake ng'ambo ya vilima, ambako muhogo ulikuwa haujaisha. Alimsindikiza mpaka njia panda, na hapo binti akamuuliza, "Mama, nikirudi nipige hodi ngapi?"

"Tatu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Hata ukiwa umeniona kupitia dirishani?"

"Nyumba yetu haina dirisha, Mashavu. Nenda, jua linapanda."

Mashavu akacheka, akaenda. Siwema alimtazama mpaka akawa mdogo kama mbegu ya ufuta. Aliapa moyoni kwamba huyu mmoja aliyebaki hataliwa na kitu, si njaa, si zimwi.

Mvua ikarudi. Mtama ukasimama. Sauti ya zimwi haikusikika tena, wala nyayo zake hazikuonekana kwenye tope. Kisha wawindaji wakakuta mifupa korongoni, mikubwa mno, na meno mapana kama majembe. Wakaja mbio kwa Jumbe. Jumbe akaita watu akasema kwamba adui amekufa, na labda sasa sheria ipumzike, maana watu wamechoka kukaa ndani na joto hili.

Siwema akasimama. Aliwauliza kama wameona na ulimi. Wakasema ulimi umeoza. Akasema basi hawajui kama ni lenyewe.

Bi Mwanjaa akamgeukia. "Siwema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikula mmoja likakuachia mmoja. Acha tupumue, mdogo wangu."

"Aliyeumwa na nyoka, dada, akiona ukambaa hushtuka."

Watu wakatazamana. Nani angebishana na mama wa Kombo? Wakamwonea huruma, wakaiacha sheria kama ilivyo. Na huruma nayo, nyie, ina siku zake mbaya.

Ukafika wakati wa kuvuna kunde. Kijiji kizima kilikuwa shambani, isipokuwa Siwema, ambaye mguu wake ulivimba kwa mwiba. Alifunga mlango kwa komeo, akakaa chini kupukuchua kunde, akipanga moyoni kwamba mguu ukipoa tu, atakwenda kumchukua binti yake. Alishamtengea kunde za mbegu nyeupe, zile Mashavu alizozipenda.

Jua lilikuwa utosini. Akasikia nyayo nje, nyayo za kuburuta. Zikasimama.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mashavu.

Siwema aliinuka hajui ameinukaje. Kunde zikamwagika. Mkono wake ukafika kwenye komeo, ukashika, ukabaki hapo. Ya kwanza, kaa kimya. Alijiambia ni moja tu, zimebaki mbili, mwanangu anaijua sheria. Maliza, mwanangu. Maliza upesi.

"Hodi... ma..."

Na hii ya pili ilikuwa nzito. Ilivutwa kama kitu kimejaa kinywani. Siwema aliijua sauti ile. Aliisikia siku ya kuni. Kucha zikakwaruza fito, kutoka juu zikashuka mpaka chini, kisha pakawa kimya.

Akangoja ya tatu.

Nanyi mngefanya nini? Msinijibu haraka. Mngefungua?

Aling'ata kitambaa cha kaniki ili asipumue kwa sauti. Alingoja mpaka kivuli cha mlango kikasogea sakafuni. Ya tatu haikuja. Ndipo akajua, au akadhani amejua, kwamba zimwi halikufa. Limevuka vilima. Limepata sauti ya Mashavu, na zimwi likimsogelea mtoto hadi kumsikia, halimwachi.

Basi Siwema akamlilia binti yake pale pale. Alijimwagia majivu ya jikoni kichwani. Aligeukia ukuta, akafungua kinywa, akalia bila sauti, kwa sababu sheria ni sheria, na aliye ndani hakohoi. Alimlilia kwa jina lake. Alimlilia kwa jina la Kombo. Aliomboleza hivyo mpaka jua likalegea, na mlango uko nyuma ya mgongo wake.

Watu wakarudi kutoka shambani. Bi Mwanjaa alikuja na tita la kunde kichwani kumgawia jirani yake mgonjwa. Alifika uani akasimama. Tita likaanguka. Hakupiga hodi hata moja.

"Siwema," akaita. "Fungua."

"Hujapiga hodi," Siwema akajibu kutoka ndani.

"Fungua mlango, mdogo wangu."

Siwema akamwambia asimame mbali na akimbie kwake, zimwi limekuja mchana likiwa na sauti ya Mashavu, limeshamla, hana mtoto tena. Bi Mwanjaa akainama mlangoni. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, "Hajaliwa, Siwema. Yuko hapa."

Komeo likaondoka. Mlango ule ulifunguka kwa ndani, na Mashavu, aliyekuwa ameuegemea kwa mgongo, akaingia nyumbani kwao chali.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa umevimba. Mjomba alikuja baadaye akaeleza kwamba homa iliingia kwao, ikamshika na Mashavu, na walimwambia alale apone kwanza, lakini aliamka walipokuwa hawamtazami akaondoka. Alikuwa akisema anataka maji ya mtungi wa kwao. Alivuka vilima vyote na homa yake. Alipofika alikuwa na nguvu za hodi mbili.

Siwema alimshika kifuani. Mwili ulikuwa bado una joto. Kama lilikuwa joto la jua, au ni la uhai uliokuwapo punde tu, alimuuliza Bi Mwanjaa, akamuuliza Jumbe, akawauliza waosha maiti.

Kesho yake, kabla ya kuchimba kaburi, Siwema alikata kamba za mlango wake mwenyewe. Aliulaza chini. Wakamlaza Mashavu juu yake, wakambeba kwa mlango huo mpaka makaburini, na mlango haukurudi.

Waliporudi, Jumbe Kirumbi alisimama na macho chini. Alisema sheria imekufa leo, na hataki kusikia tena hodi katika kijiji hiki, watu waingiliane kama zamani.

Siwema alikuwa amekaa chini. Hakuinuka.

"Hodi mwanangu aliipiga," akasema. "Msimnyang'anye na hiyo. Anayekuja apige. Aliye ndani ajibu karibu, kabla hajajua ni nani."

"Na likiwa ni zimwi?" Jumbe akauliza.

"Basi na lije."

Walimletea fito za mlango mpya, fundi akajitolea kuufunga bure. Siwema akakataa. Nyumba yake ikakaa wazi, mchana na usiku, masika na kiangazi. Alilala akitazama nje. Alilingoja zimwi, na zimwi halikuja. Mifupa ile ya korongoni ilikuwa yake. Lilikuwa limekufa tangu mvua za kwanza, na kijiji kizima kilikuwa kimejifungia ndani kwa kuogopa mifupa.

Watu waliokwenda kumjulia hali walifika kwenye nyumba isiyo na mlango. Walimwona pale pale ndani, anapukuchua kunde. Zamani wangeingia tu. Lakini sasa miguu iligoma. Nani angeingia bila kusema neno katika nyumba ile? Wakasimama nje, wanamwona, wakasema hodi. Naye hakuinua uso. Alijibu karibu kabla neno halijaisha kinywani mwao. Upepo ukitikisa makuti, alisema karibu. Kuku akiingia, alisema karibu.

Siku moja vijana wawili wasio na adabu walitaka kuona atafanyaje. Walijificha nyuma ya ghala, wakasema hodi. Akajibu karibu. Wakasema hodi ya pili, kisha wakanyamaza. Siwema alitoka mbio na mguu wake mbovu. Alizunguka nyumba. Alitazama chini ya ghala, ndani ya mtama, kisimani, akisema karibu, karibu, mwanangu, karibu. Alizunguka mpaka jua likazama, na mama zao waliporudi kutoka shambani walimkuta bado anazunguka. Hawakuwapiga vijana wale. Waliwakalisha chini, wakawaambia maneno ambayo kila mtoto huambiwa mpaka leo, kwamba ukianza hodi, usiishie mbili. Ifikishe tatu. Kama hakuna jibu, ondoka. Lakini mbili usimwachie mtu.

Ndiyo maana leo unasimama mbele ya mlango ulio wazi, unamwona mwenye nyumba anakuna nazi, naye anakuona, na bado unapiga hodi. Naye anasema karibu hata hajageuka. Mkiulizwa, mnasema ni adabu tu.

Siwema aliishi miaka mingi, zaidi ya aliyoitaka. Asubuhi moja Bi Mwanjaa, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikuja na wanawake wenzake. Walimwona amelala mkekani, uso ameuelekeza nje. Walisimama pale ambapo mlango ulikuwa.

Hodi.
Hodi.
Hodi.

Wakangoja kidogo, kwa kuwa yeye hakuwahi kuchelewa kujibu. Kisha wakaingia.

Ngano yangu imefika.
— Tumeipokea.
Ikiwa tamu, gawaneni.
— Na ikiwa chungu?
Ikiwa chungu, mezeni hivyo hivyo, mkalale.