Pembe Zilizosifiwa Kupita Kiasi

Nawaletea hadithi.

Ilete, uiweke hapa.

Nikiiweka mtaila?

Tutaila na maganda yake.

Basi tuleni. Ila nawaambia mapema, hadithi hii nikiisimulia damu hunichemka. Mkinisikia napandisha sauti, msidhani nagombana na nyinyi. Nagombana na Ngiri.

Hapo kale, katika kitongoji cha wanyama kilichoitwa Kingoroni, palikuwa na desturi ya kusifia. Ukiingia kwa jirani ukaona chungu chake, ukasema, "Chungu kizuri," mwenyewe alijibu, "Ahsante." Ukisema, "Chungu kizuri sana," alikuonjesha kilichomo. Lakini ukipitiliza ukasema, "Chungu kizuri mno, kizuri kupita kiasi," hapo ilikuwa balaa. Wakazi wa Kingoroni waliamini kwamba sifa ya namna hiyo ina kijicho ndani yake, na kitu kilichoingiwa na kijicho kikibaki nyumbani huua watoto. Basi mwenye chungu alikuwa hana budi kukukabidhi chungu, uondoke nacho wewe na kijicho chako.

Kwa miaka mingi desturi hii haikumdhuru mtu. Wakazi walikuwa na haya, na kila mmoja alipima maneno yake kabla ya kuyatoa. Mpaka akahamia Ngiri.

Ngiri alikuwa na shingo nene, tumbo kubwa, na pembe mbili zilizopinda zikichomoza mdomoni. Haya hakuwa nayo hata chembe. Alipoijua tu desturi ile, akaanza kuwatembelea majirani.

Kwatu, kwatu, kwatu, mlangoni kwa Nungunungu. "Mihogo yako mizuri mno, Nungunungu. Mizuri kupita kiasi." Nungunungu akatoa mihogo.

Kwatu, kwatu, kwatu, mlangoni kwa Digidigi. "Mkeka wako laini mno, Digidigi. Laini kupita kiasi." Digidigi akaukunja mkeka, akautoa, usiku akalala chini na wanawe.

Kwatu, kwatu, kwatu, mlangoni kwa Bi Kanga, aliyekuwa akiatamia. "Mayai yako mazuri mno, Bi Kanga. Mazuri kupita kiasi."

Bi Kanga alisimama juu ya kiota chake. Aliogopa kijicho kisije kikamuulia vifaranga ndani ya maganda. Akasogea pembeni. Ngiri akayala palepale, mbele ya mama yao, karu, karu, karu, akajifuta mdomo akasema, "Pole, Bi Kanga. Ndiyo mila."

Eti ndiyo mila. Mnamsikia huyu? Mgeni wa juzi, ameshiba mayai ya mwenzake, anamfundisha mila.

Sasa, ng'ambo ya kiota kile aliishi Bi Kindi, mjane mwenye watoto watatu. Kindi, mnamjua, ni mdogo, ukimweka kiganjani unabakiwa na nafasi, isipokuwa mkia. Msimu ule alikuwa amevuna karanga, kazianika barazani, zikikauka azitie kwenye kilindo chake, lile debe la gome la mti, ziwavushe wanawe kiangazi chote. Hakuwa na kingine. Karanga zikienda, watoto nao wangekwenda.

Siku moja, kwatu, kwatu, kwatu, Ngiri huyo barazani. Akazinusa karanga, khroo.

"Karanga nzuri sana, Bi Kindi."

Bi Kindi akamwonjesha kiganja kimoja. Ngiri akatafuna, akatema.

"Bado mbichi," alisema. "Kesho jua likiwaka zitakuwa kavu kau. Kesho nitakuja na maneno mengine."

Akaenda zake akichezesha kimkia. Bi Kindi alibaki amesimama na hasira zake. Kilichomuudhi zaidi si kwamba angeibiwa. Kilichomuudhi ni kwamba mwizi alikuwa ameaga kwa adabu, na kesho yake angeingia kwa mlango wa mbele, na yeye mwenyewe angetakiwa kumshikia kilindo.

Akatoka mbio, churu, churu, churu, mpaka kwa Nungunungu.

"Nungunungu, tumkatalie."

"Haiwezekani, Bi Kindi. Kijicho."

Churu, churu, churu, mpaka kwa Digidigi.

"Digidigi, tumkatalie."

"Haiwezekani, Bi Kindi. Kijicho."

Churu, churu, churu, mpaka kwa Bi Kanga. Huyo alimkuta amekalia kiota kitupu, mbawa kazitandaza vilevile, kana kwamba mayai bado yapo. Bi Kindi alikuja na maneno yale yale, lakini alipoona hivyo hakuyasema.

"Nilimpa mwenyewe," Bi Kanga alisema.

"Najua, shoga yangu."

"Nilisogea ili apite."

Bi Kindi akamsogelea. Kisha akasema, "Kesho asubuhi njoo barazani kwangu. Waambie na wenzako. Msiseme neno. Kaeni tu msikilize."

Kulipokucha jua likawaka, karanga zikakauka kau. Nungunungu, Digidigi na Bi Kanga wakaja wakakaa ukutani, kimya, jii. Kwatu, kwatu, kwatu, Ngiri huyo. Alipowaona alifurahi, akadhani wamekuja kushuhudia akikabidhiwa.

"Karibu, Bwana Ngiri," alisema Bi Kindi, kapiga magoti. "Karibu mgeni wetu. Samahani, kabla hujasema lolote, nina jambo limenikaa moyoni tangu jana. Hizo pembe zako ni nzuri."

Ngiri alisita. Alikuwa ameingia na sifa tele za kutoa, lakini tangu ahamie Kingoroni hakuna aliyewahi kumsifia yeye hata ukucha. Akainua kichwa ili pembe zionekane.

"Nzuri tu?" aliuliza.

"Nzuri sana."

"Sana kiasi gani? Hata mchicha wa jana huitwa mzuri sana." Akageuza shingo upande huu, akageuza upande ule. "Zitazame vizuri, bibi."

"Kweli, sikuzitazama vizuri. Nzuri mno."

"Aa, sasa unaanza kuona. Na ukali wake je?"

"Kali mno."

"Mno peke yake?" Ngiri alifumba macho kwa raha, mate yanamtoka. "Malizia. Sema lote."

"Hapana, bwana. Naogopa."

"Nimesema malizia."

Bi Kindi akasimama wima, mkia juu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ukutani, "Pembe zako ni nzuri kupita kiasi, Bwana Ngiri."

Ngiri akafumbua macho, akatabasamu. Bi Kindi alikuwa amenyoosha mikono yake miwili midogo.

"Basi nipe," alisema.

"Nikupe nini?"

"Pembe. Nimezisifia kupita kiasi, na majirani wamesikia."

Ngiri akacheka, khroo, khroo, khroo. Hakuna aliyecheka naye.

"Bibi wee, hizi zimeota mdomoni mwangu."

"Mayai nayo yalitoka tumboni mwa Bi Kanga."

"Bila pembe nitachimba na nini? Nitakula nini?"

"Wanangu nao wangekula nini?" Mikono bado kainyoosha. "Lakini sikulaumu kwa kuzipenda. Nakuonea huruma tu, maana kijicho kimeshaingia. Zikibaki mdomoni mwako leo, watoto wako hawafiki Ijumaa. Ndiyo mila, bwana. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Hapo Ngiri akapandwa na hasira, akapiga kwato chini, kwa!

"Kijicho gani?" alifoka. "Hakuna kijicho. Nyumba yangu imejaa vitu vilivyosifiwa mno na kupita kiasi, mikeka, mihogo, vyungu, na wanangu wazima, wanene, hata kikohozi hawana. Kijicho ni maneno ya watoto. Mtu asiyetaka kutoa kitu chake, si aseme tu sitoi?"

Alipomaliza kusema ndipo akasikia alichokisema.

Pale ukutani Nungunungu alikuwa anasimama polepole, na miba yake inasimama pamoja naye, mmoja mmoja, chari, chari, chari.

"Hebu rudia hapo mwisho," alisema Nungunungu.

Ngiri hakurudia. Aligeuka akakimbia, kwatu kwatu kwatu kwatu, na kitongoji kizima nyuma yake. Alipofika shimoni kwake aliingia kinyumenyume, matako mbele, pembe nje, ili amwone anayekuja kuzisifia tena, na hivyo ndivyo ngiri wanavyoingia mashimoni mwao hadi leo. Kabla hajaingia, Digidigi alishampita mbio, akachukua mkeka wake kwenye rundo la vitu pale mlangoni. Nungunungu alichukua mihogo iliyosalia. Wengine wakachukua vyungu, wengine vikapu, na wengine walichukua vitu ambavyo, nasikia, havikuwahi kuwa vyao.

Bi Kindi hakwenda huko. Alikuwa barazani anajaza kilindo, na Bi Kanga alikuwa bado amekaa palepale ukutani, kwa sababu hakuwa na cha kwenda kurudishiwa.

"Kumbe ningeweza kusema sitoi," alisema Bi Kanga.

Bi Kindi aliacha karanga. Kati ya maneno yote aliyokuwa nayo siku ile, makubwa kwa madogo, hakuna hata moja lililomfaa shoga yake. Akaenda akakaa naye.

Hadithi yangu imekaa chini. Ikiwaudhi, niudhikieni mimi, ikiwapendeza, gawaneni.

Na funzo lake, kama wakubwa walivyoniagiza niwape, ni hili: mila ni mila, zisiguswe. Mgeni mwenye pembe akikisifia kitu chako, mpe haraka na umsindikize. Wala usimwige Bi Kindi, mjane asiye na adabu, aliyefungua mdomo mbele za watu, watoto wake wakavuka kiangazi wote watatu.