Mlalachini wa Bi Mwatime

Jamani, nasema naja!
— Njoo, tumekuwekea mkeka!
Nije na kweli au nije na uongo?
— Njoo navyo vyote, tutachambua wenyewe!

Basi hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji uitwao Kiungwani. Juu kilimani alikaa Jumbe Chande. Chini bondeni walikaa watu wake. Na Jumbe huyu hakukanyaga udongo. Akienda sokoni, abebwe kitini. Akienda kuoga, abebwe. Akienda kwa jirani, abebwe. Wanaume wanne mbele, wanne nyuma, jasho linawatiririka, na yeye juu anajipepea.

Siku moja watu wa bondeni walikaa kivulini, wakazungumza, wakakubaliana. Wakamwambia, "Jumbe, miguu unayo. Hatukubebi tena."

Mnadhani alifanyaje? Hakumpiga mtu. Alikata miti! Alijua maneno yale yametoka kivulini. Mpiga mbiu akapita bondeni: "Kinachosimama kikatwe! Kinachotambaa kiachwe!" Mashoka yakalia siku tatu. Jua likawakalia watu utosini, kila mmoja akajifungia kwake, hakuna wa kuzungumza na mwenziwe. Na mtu akiwa peke yake, akiitwa, anaogopa. Kiti kikarudi mabegani.

Miongoni mwa wabebaji alikuwamo Shomvi, mume wa Bi Mwatime. Kila jioni mkewe alimwosha kidonda cha bega kwa maji ya chumvi. Zamani Shomvi alikuwa akipiga kelele. Jioni moja hata hakushtuka.

"Hakiumi?"

"Nimezoea, mke wangu."

Neno hilo, jamani! Bi Mwatime aliliona baya kuliko kidonda.

Sasa, huyu mama alikuwa fundi wa kubebesha miche. Hukata kikonyo cha mmea huu, akakichomeka kwenye shina la mmea ule, akafunga, vikashikana vikawa kitu kimoja. Na uani kwake palikuwa na mlalachini, kichaka kinachotambaa, kila mtu anakikanyaga. Porini kichaka hicho kilikuwa na ndugu yake wa ukoo mmoja, mrefu, mwembamba. Bi Mwatime akaenda, akachimbua mmoja na mizizi yake, akaupanda uani, akaukata kichwa. Akaipasua ncha, akachomeka vikonyo vya mlalachini, akafunga kwa ukili.

Askari wa Jumbe akapita. "Mwatime, nini hicho?"

"Kijiti cha kuanikia kanga."

Akatazama, hakuna jani. Akaenda zake. Wiki ya pili akapita tena.

"Mbona kimefungwa?"

"Kilipasuka, nimekifunga."

Akaridhika, akaacha kupita. Masika yakaja, yakaenda, yakaja tena. Mlalachini ukachipuka kule juu. Lakini wenyewe kusimama haujui! Ukamwagika. Matawi yakashuka pande zote mpaka chini, yamejaa maua ya manjano, ukawa kama kibanda. Ndani kivuli, ndani baridi. Wakaingia wanawake. Wakaingia wazee. Wakaanza kuzungumza.

Mara ya tatu askari hakuuliza. Alikimbia kilimani.

Jumbe akaja, kitini kama kawaida. "Mwatime! Nilisema kinachosimama kikatwe!"

"Shikamoo, Jumbe. Huu ni mlalachini. Hebu tazama tawi. Lapanda au lashuka?"

"Lashuka."

"Lafika wapi?"

"Chini."

"Na likifika chini, lafanyaje?"

Mpiga mbiu, bila kuulizwa, akasema, "Latambaa."

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akapandwa na hasira. "Sheria ni yangu! Leta shoka! Kata!"

Bi Mwatime akainama, akaingia, akakaa, akaliegemea shina. Sauti yake ikatoka ndani ya majani: "Kateni. Lakini mtaanzia mgongoni mwangu."

Mwenye shoka akasimama. Akamtazama Jumbe, akayatazama majani.

Ndipo Shomvi akasema, "Wenzangu, tuteremshe." Wakakiteremsha kiti. "Unakwenda wapi, wewe?" Jumbe akamkemea. "Naingia kwa mke wangu." Akainama, akaingia. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Wote wanane! Mwenye shoka naye akalitupa shoka, akainama, akaingia. Mpiga mbiu je? Huyo alikwisha kuingia zamani.

Jumbe akabaki kitini, juani. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkataza kuingia. Ilikuwa kuinama tu, na kuinama alikuwa hataki.

Akangoja. Jua likapanda. Ndani wanazungumza, wanacheka, hakuna anayetoka. Mwishowe akashusha mguu mmoja, mchanga ukamchoma, akaurudisha. Akashusha tena. Akaruka, akalia "Oo! Oo!", akakipanda kilima peke yake, mguu huu, mguu ule.

Kiti kikabaki uani. Kuku wa Bi Mwatime wakataga humo.

Hadithi yangu nimeitua hapa.
— Tumeiona ilipotua!
Mwenye kuitaka aichukue.
— Na asiyeitaka?
Atupishe njia!