Fundo la Lubaba na Tangawizi Isiyowasha

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bara Yemen, uliokuwa kwenye njia kuu ya misafara iendayo Sham, aliishi mjane mchamungu akiitwa Lubaba bint Sarij. Kazi yake ilikuwa kuonja tangawizi. Msije mkaicheka kazi hiyo. Tangawizi ya mji ule haikuwa ya kutia kwenye mchuzi. Ilisafirishwa nchi za mbali kwa wauza dawa, wakaisaga na kuichanganya na asali, wakawapa wagonjwa waliodhoofu, wazee wenye baridi ya mifupa, na wanawake waliotoka uzazini, ili miili yao ipate nguvu.

Mnunuzi aliye mbali mwendo wa miezi miwili hawezi kuja kuchungulia ghalani. Kwa hiyo desturi yao ilikuwa hivi: katika kila gunia Lubaba atachomoa kipande kutoka katikati, atakitafuna, na kikimwasha mpaka machozi yamlengalenge, atasema, "Nashuhudia." Kisha atalifunga gunia kwa kamba nyekundu, kwa fundo alilofundishwa na marehemu baba yake. Huko Sham watu wakiliona fundo lile hawaulizi tena.

Sasa sikilizeni ufundi wa dhalimu.

Palikuwa na tajiri jina lake Mawhub bin Ghadir, mwenye ghala kubwa kuliko yote. Nyuma ya ghala aliweka masufuria, akachemsha tangawizi mpaka ikatoa ukali wake wote, na maji yale mazito akawauzia wakubwa wa kasri, jambo lililojulikana mji mzima. Hapo hana kosa. Lakini machicha yaliyobaki, mizizi iliyokwisha kukamuliwa uhai wake, hakuyatupa. Aliyaanika juani, akayapaka chokaa yawe meupe ya kupendeza, akayanyunyizia mafuta ya tangawizi ili yanukie, akajaza magunia arobaini. Ukiyatazama, ni tangawizi. Ukiyanusa, ni tangawizi. Ulimi peke yake ndio ungemuumbua, na kwa sababu ya ulimi huo, mtu yule, Mola atuhifadhi na mfano wake, aliungojea mwezi wa Ramadhani! Wengine wanaungoja mwezi mtukufu wapate kusamehewa, yeye aliungoja apate kuiba.

Mchana wa siku ya kumi alimwita Lubaba ghalani.

"Mama Lubaba," alisema kwa upole mwingi, "msafara wa Sham unaondoka kesho baada ya Alfajiri. Najua umefunga. Haitupasi kumtia tangawizi kinywani mja mwema kama wewe mchana wa Ramadhani. Tazama, nusa, inatosha. Hatukujuana jana mimi na wewe."

Lubaba alikichukua kipande, akakisogeza karibu na midomo, akasita. Moyo wake ulimwambia aonje. Lakini moyo uleule, na hapa ndipo mchamungu huyu alipoteleza, uliona fahari kidogo kwamba tajiri mkubwa ameiheshimu swaumu yake mbele ya wapagazi. Akanusa. Akasema, "Nashuhudia," akafunga fundo. Akafanya hivyo mara arobaini. Katika lugha yetu sisi neno ni moja tu: alikuwa amefunga, naye akafunga.

Jua lilipokaribia kuzama alikuwa nyumbani kwake akipika uji. Katika mkunjo wa mtandio wake alikuta vipande viwili vya tangawizi ya ghalani vilivyonasa, akakitia kimoja chunguni. Adhana ilipolia alikula tende, akamshukuru Mola wake, akanywa funda la uji. Ulikuwa na utamu wa asali na hauna kitu kingine. Alikitafuta kile kipande kwa upawa, akakitafuna. Alikuwa kama anatafuna kipande cha mkeka.

Aliliweka bakuli chini. Aliswali Maghrib, na baadaye alikiri kwamba hakukumbuka amesoma sura gani. Kisha akakichukua kile kipande cha pili, akashika njia ya kwa Mawhub.

Ua wa Mawhub ulijaa watu. Maana mheshimiwa huyu alikuwa anafuturisha! Maskini wamekaa upande huu, watu wa msafara upande ule, Sheikh wa mji kwenye busati la heshima, na midomo yote inamwombea mwenye nyumba dua ya kheri.

"Karibu, mama, karibu futari," Mawhub aliita, na papo hapo mtumishi akampa Lubaba bakuli la maji ya moto ya tangawizi.

Alikunywa kwa adabu ya mgeni. Yakamwasha kuanzia ncha ya ulimi mpaka kifuani, macho yakajaa machozi. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Kumbe Mawhub anaijua tangawizi ya kweli!

"Mawhub," alisema, wala hakumwita bwana, "tangawizi hii ya wageni wako umeitoa katika gunia gani?"

"Ya nyumbani hiyo, mama. Kaa ule."

"Na ile ya wagonjwa?" Akanyanyua kipande alichokuja nacho.

Mawhub aliinuka upesi, akamsogelea, akanong'ona, "Fundo ni lako. Umeshuhudia mbele ya watu. Ukisema neno, atakayeaibika ni wewe. Nani atakupa gunia lake tena?"

Na hilo lilikuwa kweli, Lubaba alilijua. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na ulimi wake na fundo la baba yake, basi. Angeweza kurudi nyumbani, akatubu kimyakimya kwenye mswala wake, na msafara ukaondoka. Kwa kitambo kidogo alisimama pale akiutazama mlango. Kisha alipaza sauti.

"Enyi watu! Mimi Lubaba bint Sarij leo nimetoa ushahidi wa uongo mara arobaini. Magunia ya huyu yamejaa machicha. Sikuonja. Nimefunga fundo juu ya kitu nisichokijua."

Mawhub alicheka, lakini uso wake ulikuwa umepauka.

"Machicha, machicha! Nimemtilia mtu sumu? Nani aliyewahi kufa kwa tangawizi iliyopoa? Haina madhara!"

"Haina madhara wala haina faida!" Lubaba alimkaripia. "Mgonjwa ataamka kila asubuhi, atakunywa, atangoja nguvu. Na hizo nguvu zimekwisha kunywewa kasrini! Atadhani mwili wake ndio uliokataa dawa. Atadhani Mola wake amemwacha. Umemnyang'anya mgonjwa tumaini lake, Mawhub, kisha unakaa hapa kuombewa dua!"

Kiongozi wa msafara, mtu mzima aitwaye Dhuhayr, alisimama. Mkono wake ulishika ukingo wa joho kama mtu asiyejua auweke wapi.

"Mama," alisema, "mke wangu huko Sham amejifungua, na tangu hapo hajaweza kusimama. Gunia moja katika yale ni la kwake. Leo nimemwambia kila mtu wa msafara, usiwe na wasiwasi, lina fundo la Lubaba. Kwa nini hukuonja?"

"Nilikuwa nimefunga," alijibu kwa sauti ndogo.

Sheikh alikiweka kando chakula cha Mawhub. "Binti Sarij," alisema, "anayeonja kwa haja na akatema, swaumu yake haiharibiki. Hili unalijua?"

"Nalijua, Sheikh."

"Basi ulikuwa unamfungia nani?"

Lubaba alipita katikati ya wageni mpaka kwenye ghala, akapiga magoti, akaanza kulifungua fundo la kwanza. Watu walitaka kukata kamba kwa visu, akawakataza. Alisema alifunga kwa mkono wake, atafungua kwa mkono wake. Kila alipofungua moja alichomoa kipande, akakitafuna, akakitema, akasema, "Sishuhudii." Dhuhayr alitafuna vipande vitatu, akaenda kuwaambia watu wake wasipakie hata gunia moja. Wageni waliondoka mmoja mmoja, na futari ya Mawhub ikabaki kwenye sinia. Adhana ya Ishaa ilipolia, gunia la arobaini lilikuwa wazi na vidole vya Lubaba vinavuja damu.

Asubuhi yake hakuna mwenye ghala aliyempelekea gunia, wala siku iliyofuata. Wenye maghala walimwogopa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Aliishi kwa kusuka mikeka mwaka mzima, akasubiri, na hakumlalamikia yeyote. Hata msafara wa Sham uliporejea, Dhuhayr alikataa kupakia tangawizi ya mtu yeyote mpaka aitwe yule mwanamke aliyefungua magunia.

Aliitwa. Ulikuwa tena mwezi wa Ramadhani, na ilikuwa adhuhuri. Mbele ya watu wote Lubaba alichomoa kipande, akakitia kinywani, akatafuna, machozi yakamlengalenga, akatema, akasukutua. Mpagazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mtazame mchamungu, anakula mchana."

Lubaba alimsikia. "Mwaka jana, mwanangu, kinywa changu hakikugusa kitu," alisema, "na siku hiyo ndiyo niliyokula watu." Kisha akasema, "Nashuhudia," akafunga.

Ndugu zangu mnaosaga majani na mizizi, mkajaza, mkabandika jina zuri, mkapeleka ng'ambo kwa watu wasiowajua: msiniambie mnaswali, hilo sikuuliza. Niambieni kama mmeonja. Mola atujaalie tusimame mbele Yake siku ile mkono wa mgonjwa wa nchi ya mbali usiwe umeshika kanzu zetu. Amin.