Nungunungu Aliyesema "Langu"

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mnaitikia kivivu, kama mlioshiba muhogo wa wenyewe. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe acha kuchimbachimba udongo kwa kidole, hujui aliye chini.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mzee Nungunungu, mwenye pengo la jino moja mbele. Alikuwa na shamba kubwa la muhogo na watoto watatu: wa kiume wawili, wavivu wa kutupwa, na binti mmoja, Mashavu. Mashavu ndiye aliyelima.

Sheria ya Mfalme Simba ilikuwa hivi. Kila mavuno, jua la utosi, Tumbusi, mtoza ushuru wake, husimama mpakani akauliza, "Shamba la nani?" Anayesema "langu" hutoa ushuru, kikapu kimoja katika kumi. Shamba likikosa ushuru mavuno matatu, linakuwa la Simba.

Mashavu akamwambia baba yake, "Baba, waite majirani utuonyeshe mipaka. Sema nani atalishika ukiondoka."

"Usinichulie, mwanangu," mzee akajibu.

Mwaka wa pili akamwambia tena. "Usinichulie."

Mwaka wa tatu mzee alikuwa akikohoa. Mashavu akamwambia, na mzee akaziba masikio. "Anayetaja kifo anakiita," akasema. Basi hakukitaja, nacho kikaja bila kuitwa. Wakamzika palepale, katikati ya muhogo.

Mavuno ya kwanza yakafika. Tumbusi akasimama mpakani. "Shamba la nani?"

Wale kaka wawili wakatazama chini, maana kula walitaka, ushuru hawakutaka. Mashavu naye akawaogopa kaka zake. Ndipo sauti ikatoka ardhini, nzito, kama ya mtu anayetafuna:

"Langu."

Tumbusi akaandika jina la marehemu, akaruka. Watoto wakang'oa muhogo. Kila mzizi ulikuwa umeliwa kwa chini, una alama za meno, na katikati ya alama pana pengo. Mashavu akalijua lile pengo, akalia.

Mavuno ya pili, Mashavu akajikaza, akatangulia na kikapu kichwani. "Langu, Bwana Tumbusi. Ushuru huu hapa."

Kaka zake wakamrukia. "Lako tangu lini? Nani alikupa?"

"Una shahidi?" akauliza Tumbusi.

Mashavu hakuwa na shahidi. Ardhi ikasema, "Langu." Kikapu kikarudi nyumbani.

Mavuno ya tatu, hofu ikawapatanisha. Wakasimama wote watatu, wakasema pamoja, "Letu!" Lakini sauti ya chini ikawazidi, na udongo ukatikisika miguuni mwao.

"Langu!"

"Haya, mzee," akasema Tumbusi. "Ushuru wa mavuno matatu. Toa."

Ardhi ikanyamaza. Tumbusi akangoja mpaka kivuli chake kikarefuka, kisha akasema, "Shamba ni la Simba. Ondokeni leo hii."

Wakafunga mizigo. Walipofika mpakani, sauti ikaita, safari hii kwa unyonge: "Mashavu, mwanangu, mnakwenda wapi? Nani atalima?"

Mashavu alikuwa na uchungu, hakugeuka. "Shamba ni lako, baba. Lima."

Akaenda mbali, akafyeka pori, akapanda muhogo. Alipozaa na wanawe wakakua, akawaita wao na majirani, akazunguka mipaka mchana kweupe, akipanda minyaa, miti ya ua, iwe alama. "Nikifa," akasema, "huku ni kwa huyu, kule ni kwa yule." Majirani wakajishika vifua, wakidhani ataanguka palepale. Hakuanguka. Aliishi mpaka miiba yake ikawa myeupe yote.

Alipokufa wakamzika shambani. Mavuno yakafika. Tumbusi, naye mzee sasa, akauliza, "Shamba la nani?"

Wote wakatega sikio chini. Hakuna kitu. Udongo tu.

"Langu hadi kwenye minyaa," akasema mwana wa kwanza, na kikapu mkononi. "Langu kutoka kwenye minyaa," akasema wa pili. Majirani wakashuhudia. Wakang'oa muhogo, ukatoka mzima.

Basi wenye mashamba mliopo hapa, na mnajijua: kutaja kifo hakuui. Gawa ungali unaweza kunyoosha mkono, na ushuru ujulikane ni wa nani. Usipogawa, utang'ang'ania hata ukiwa udongoni, na watakaokufa njaa ni wanao.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.