Kibao cha Profesa

Palikuwa na chuo kikuu kilichopenda maduka kuliko vitabu. Mkuu wake, Profesa Mwakitalu, alimwendea Bi Nambua, mshona majoho aliyepanga nyumba ya chuo.

"Mama, uhame. Kamati ya uwekezaji inavunja nyumba hii ijenge maduka."

"Kamati ina akili, Profesa. Ila kabla sijaondoka, nikushukuru kwa kibao kidogo tu chenye jina lako."

"Kwa nini kidogo?" aliuliza Profesa, akatia saini kibali cha kibao kikubwa.

Bi Nambua akaagiza kibao cha marumaru, akakijengea juu ya mlango.

Jumatatu tingatinga likafika. Profesa alilikimbilia huku akipunga mikono.

"Mna wazimu? Mnavunja Jumba la Profesa Mwakitalu?"

Bi Nambua akatoka na futi shingoni.

"Shikamoo, Profesa. Nikupime joho la uzinduzi?"